Mlango wa Barabara ya Mombasa

Mawaziri wamekutana tena! Wamekula samaki siku tatu, kisha wakatoa tamko: ile barabara ya kutoka Mombasa, ipite Kampala, ishuke Kigali, ituvukie hapa Gisenyi mpaka Kisangani na bahari ya upande wa pili, “iko mbioni”. Habari hiyo aliileta Bizumuremyi kwenye benchi la chai la Mukabera, Mbugangari. Tunamwita Redio, maana redio yake anaenda nayo hata chooni.

“Mbioni wapi?” akafyonza Karenzi. Huyu ndiye Klachi, kaendesha malori Tanzania miaka ishirini kabla ya kurudi nyumbani. “Nimeisikia barabara hiyo tangu nina nywele. Mbio gani hizo zisizofika?”

“Baba yangu njo alibeba mawe yake, wakati ya ukoloni ya Babeleji,” akasema Redio. “Kisha lami ikatoka Kigali, ikafika hapa, tukacheza ngoma. Kisha mukutano. Kisha vita, mashimo. Na sasa, bon, mukutano!”

“Mashimo yenyewe ya kufugia bata,” akasema Klachi.

“Na piketi je?” nikadakia. Maana wapima ardhi walipita nyuma ya nyumba zetu, wakachomeka vijiti vyenye vichwa vyekundu, wakapotea. Vijiti vyote leo vimefungiwa mbuzi, isipokuwa kimoja tu, cha Wenceslas.

Benchi zima likamgeukia. Wenceslas akainamia kikombe. Bwana huyu, simsitiri, aliziba kwa matofali mlango wa duka la mkewe, Kayitesi, ule unaotazama njia ya watu waendao Goma, akatoboa mwingine nyuma, mbele ya kijiti. Eti awe wa kwanza kuuzia malori ya Mombasa! Miezi mitano sasa, duka linatazamana na choo cha jirani.

“Chekeni tu,” akasema. “Lori ya kwanza ikipita, mutakuja kuniomba kazi.”

“Kazi gani? Ya kulinda choo?” akauliza Redio. “Jana muliuza nini?”

“Sabuni.”

“Kwa nani?”

“Kwa jirani. Alikuwa anatoka... pale.”

Yewe! Klachi ilibidi aweke kikombe chini.

Lakini kicheko hakikudumu, maana sote tulijua. Kayitesi alikwishamwambia mumewe: mlango usipozibuliwa kufika Jumapili, yeye na watoto wanahamia kwa kaka yake, Goma. Na ilikuwa Jumamosi.

“Zibua, ndugu yangu,” Klachi akasema. “Mke ataondoka kweli.”

“Nizibue leo, na barabara ikuje kesho? Batu batanionaje?”

“Reka! Mujinga we!” Redio akapiga goti lake. Nami nilikasirika kweli. Mtu anapoteza nyumba kwa kuona aibu ya kijiti.

Mara Kayitesi huyo, vumbi kichwani, nyundo mkononi.

“Mama Ineza, karibu chai,” Redio akasema, sauti imepungua.

“Sina nafasi. Batu beko banangoja sabuni.”

“Batu gani?” Wenceslas akainuka.

“Ya mulango ya mbele. Nimeipasua.”

Wenceslas akavuta pumzi ndefu. “Donc hauendi Goma?”

“Siendi.”

“Basi twende nyumbani, mama.”

“Twende. Lakini ya mbele ni ya wateja. We mwenye kungojea malori, pita ya nyuma.”

Akatangulia. Wenceslas akamfuata, na walipofika pale dukani, wallahi, tulimwona akizunguka nyuma.