Mwanamume wa Kiayalandi Hasemi

Jumatatu, 3 Juni
Siku ya tisa tangu mke wangu ahamie kwa mama yake. Eti anamuuguza. Mimi si mtoto, mtu akininunia najua. Nimefunga karakana mapema, friji nne za wateja zimebaki wazi, nikatazama filamu ya mapenzi ya Kiayalandi. Mvua mwanzo mwisho! Kondoo, kuta za mawe, na jamaa wa sweta asiyesema neno. Mwanamke analia, jamaa anatazama bahari. Analia tena, jamaa bado bahari. Wakakumbatiana! Kosa langu nimeliona: naongea mno.

Jumanne, 4 Juni
Mke kapiga simu. Sikujibu, nikapumua tu, kwa uzito. Akauliza kama namsikia. Akasema hajalala siku tatu, mama hageuki kitandani bila kuinuliwa, nije nimpokee zamu japo kwa saa mbili. Sauti ilikuwa inakatika. Dawa imeingia! Nikapumua mpaka akakata.

Jumatano, 5 Juni
Nimeenda, na sweta. Jua la kuua mtu. Nikasimama ng'ambo ya barabara. Bahari hakuna, nikatazama tangi la maji la jirani. Mke akatoka na beseni la mashuka ya mgonjwa, akaniita kwa mkono. Nikakaza macho kwenye tangi. Shemeji, kaka yake, akapita na dawa bila salamu. Anajipendekeza kwa mama yake huyo! Kizunguzungu kikanishika, nikarudi nyumbani.

Alhamisi, 6 Juni
Mama mkwe amefariki asubuhi. Nimeumia, kweli. Kila nikienda alikuwa ananiwekea kiti karibu na feni. Sikumuaga.

Ijumaa, 7 Juni
Mazishi. Shemeji kaniambia nisimame nyuma. Nikasimama nyuma, kimya. Mke akanifuata, macho makavu.

"Nilikuomba saa mbili tu nilale," akasema. "Mama alikuwa anauliza mbona mkwe wake haingii ndani. Mimi kwako sirudi."

Nilitaka kusema pole. Nikajizuia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimelia karakanani, peke yangu. Kisha nikatulia nikapiga hesabu: kaacha waombolezaji wote, kaja hadi nyuma kunisemesha mimi. Mwanamke asiyekutaka hajisumbui hivyo. Nimeirudia filamu. Karibu na mwisho jamaa anamfuata kwa farasi, mbele ya ndugu zake wote, na hapo ndipo anakubaliwa. Farasi sina. Mbeba mizigo wa sokoni ana punda, amesema Jumatatu yuko huru.