Amplifaya Iliyonisingizia Ubeti wa Tatu

Ndugu Mhariri,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA USHAURI WA UKURASA WENU WA UFUNDI, NA OMBI LA MASAHIHISHO KABLA YA JUMAMOSI

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote mnaoshirikiana kulitoa gazeti. Mimi ni mzima pia, isipokuwa kwa hayo nitakayoyaeleza hapa chini.

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka kumi na tisa. Katika muda huo nimewaandikia mara mbili tu, mara zote kuhusu makosa katika fumbo la maneno, na mara zote mbili nilikuwa sahihi. Nalitaja hili ili ujue kwamba sina tabia ya kulalamika ovyo, na wala sina tabia ya kukosea.

Miezi miwili iliyopita, mwandishi wenu anayejiita Fundi Makini alichapisha makala ya kuwashauri watu wenye kipato kidogo namna ya kuchagua amplifaya yao ya kwanza ya valvu, yaani ile ya kizamani inayokuza sauti kwa vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa. Mashauri yake yalikuwa manne: usihangaike na wingi wa wati, ziache valvu zipate moto kabla ya kucheza chochote, chagua iliyo nzito, kwa kuwa uzito ni transfoma na transfoma ndiyo roho ya mashine, na mwisho, ipime kwa santuri unayoijua kuliko nyingine zote.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa lugha. Nikipewa maagizo yaliyopangwa vizuri, huyafuata. Niliikata makala hiyo kwa mkasi, nikaenda kwa fundi redio anayeziunda amplifaya hizo mwenyewe nyuma ya duka lake, nikanunua moja, pamoja na spika zake mbili, kwa akiba niliyokuwa nimeiwekea baiskeli. Kwa sababu hiyo sasa natembea kwa miguu, na katika kutembea huko nimepata wasaa wa kuyapanga malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Wati. Amplifaya yangu ina wati nane. Spika ya kinyozi aliye upande wa pili wa ukuta wangu imeandikwa ubavuni, kwa herufi nyekundu, wati elfu tano. Nilijiandaa kwa upungufu. Nilikuwa hata nimeshaandika aya ya kwanza ya barua ya kudai wati zilizobaki. Ndugu Mhariri, nane zimetosha. Siku ya kwanza tu kinyozi alizima yake ili asikilize yangu, na wateja wake wawili wakaja kusimama dirishani kwangu wakiwa wamenyolewa upande mmoja. Mmoja akaniuliza, "Mzee, hiyo ni redio gani inayopumua?" Sikuinunua ili nipate watu dirishani. Niliinunua ili nimshinde kinyozi.

2. Kusubiri. Mwandishi wenu anasema valvu zipewe dakika tano. Hakusema mwenye nyumba afanye nini katika dakika hizo. Gazeti silisomi kwa dakika tano, kwa kuwa huanza kwa kusahihisha ukurasa wa kwanza. Basi nakaa kitini, mikono magotini, nikivitazama vichupa vikigeuka rangi ya chungwa. Mke wangu amezigundua dakika hizo. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yetu hakuwahi kunikuta nimekaa bila karatasi mkononi, na sasa ananikuta kila siku saa kumi alasiri. Anavuta kigoda, anakaa, anauliza jambo lilelile: "Hivi kaka yangu ataingia lini humu sebuleni?"

Nalazimika kufafanua. Kaka yake, yaani shemeji yangu, ni seremala. Zamani alikuwa seremala wa chuo cha ualimu nilikofundisha, na aliimba besi katika kwaya ya chuo niliyoiongoza mimi. Kwaya hiyo ilirekodi santuri moja na ya pekee. Katika ubeti wa tatu wa wimbo wa kwanza, mtu mmoja alishuka mahali ambapo wengine wote walipanda. Hatukuwa na uwezo wa kurudia. Nilichunguza, nikabaini kwamba aliyeshuka ni shemeji, nikamwondoa katika kwaya kwa barua ya aya nne. Hakuijibu. Tangu siku hiyo, akija kumjulia hali dada yake, hunywa chai barazani. Mvua ikinyesha, husogeza kiti tu. Nami santuri hiyo nimekuwa nikiicheza katika mashine yangu ya zamani yenye spika moja, ambamo sauti zote hutoka zimebanana kama watu mlangoni. Kosa lasikika, lakini mwenye kosa haonekani. Mashine ile ilikuwa na adabu.

3. Uzito. Niliyoichagua ina kilo kumi na tisa. Meza ya redio iliibeba siku tatu, siku ya nne ikapiga magoti. Mke wangu akasema inahitajika rafu ya ukutani, na kwamba anamfahamu seremala mmoja tu. Nikamkumbusha kwamba barabara yetu peke yake ina maseremala wanne. Akajibu, "Waite basi hao wanne, na chai yao uipike wewe." Ndivyo shemeji alivyoingia sebuleni kwangu mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na moja, na randa yake, drili na pima maji, akisema, "Hodi, Mwalimu. Nimekuja kwa kazi." Lau mwandishi wenu angaliandika "chagua iliyo nyepesi", haya yasingalitokea.

4. Kipimo. Hapa ndipo penye uzito wa barua yangu.

Dukani sikuipeleka santuri yangu, kwa kuwa haitoki nyumbani. Na mezani nilicheza santuri nyingine tu, nikisubiri mashine itulie; kwa hiyo kipimo kilifanyika siku rafu ilipokamilika, mbele ya seremala na dada yake. Valvu zilipata moto. Niliishusha sindano. Na amplifaya, badala ya kucheza wimbo kama unavyochezwa siku zote, ikaanza kuwapanga watu. Soprano mbele, kidogo kushoto. Mabesi kulia kabisa, palepale nilipowasimamisha. Shemeji mwenyewe nilimsikia, wa mwisho ukutani, ameishika noti yake kama mtu aliyeshika ngazi ili mwenzake asianguke. Ubeti wa tatu ukafika. Sauti iliyoshuka ilitoka spika ya kushoto, karibu mno na maikrofoni, mahali ambapo hakusimama mwanakwaya yeyote. Alisimama kiongozi.

Nilikuwa na desturi ya kuimba kidogo pamoja nao, ili kuwatia moyo.

Nilitamka papo hapo kwamba mashine ina hitilafu. Mke wangu akasema, "Hitilafu ya nini? Huyo ni wewe. Sauti hiyo naisikia bafuni miaka thelathini na moja."  Shemeji aliiweka pima maji juu ya rafu, akainama mpaka kipovu kilicho ndani yake kikatulia katikati, akasema, "Rafu imenyooka, Mwalimu. Iliyobaki si kazi ya seremala." Akakusanya vifaa vyake, akatoka kwenda kunywa chai yake barazani. Pima maji aliisahau. Ipo bado juu ya rafu, na kipovu bado kipo katikati.

5. Nyaya. Kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba mashine inachanganya kushoto na kulia, nilizihamisha nyaya za spika. Sauti iliyoshuka ikahamia kulia, kama ilivyostahili. Lakini mabesi nao wakahama, wakaenda kushoto na shemeji wao, na tukawa mbalimbali kama awali. Nikatafuta kitufe cha kupunguza upande mmoja; fundi redio akanieleza kwamba hakuviweka vitufe vya namna hiyo ili bei iwe ya mtu wa kawaida. Ikanibidi niifunike spika moja kwa blanketi. Mke wangu aliingia, akaitazama, akauliza, "Inaumwa?"

6. Valvu nyingine. Mwandishi wenu alidai pia kwamba kubadilisha valvu hubadilisha tabia ya sauti. Nilinunua jozi nyingine, nikiamini kwamba tabia yaweza kurekebishwa. Sasa nasikika nikivuta pumzi kabla ya kukosea.

7. Usalama wa jamii. Naomba ufikirie, Ndugu Mhariri, matokeo ya mashine hizi kuuzwa kwa bei ya baiskeli. Leo ni kwaya. Kesho mtu atacheza kanda ya mkutano wa ukoo na kusikia ni nani hasa aliyeanza kupaza sauti. Keshokutwa mwenyekiti wa kamati atasikika akipiga miayo wakati wa kusoma taarifa yake mwenyewe. Kila nyumba ina baba aliyekwisha kuamua mambo fulani zamani, na familia nzima imejipanga kufuatana na uamuzi huo: nani akae wapi, nani asiingie wapi. Je, yote hayo yapanguliwe na vichupa vinne vya kioo? Mimi nasema amplifaya ya valvu isiuzwe kwa mwalimu, hakimu, mzazi wala kiongozi wa kwaya bila kibali cha maandishi, nacho kibali kisitolewe.

Kwa sababu hizo, naomba yafuatayo. Kwanza, mchapishe tamko kwamba valvu zaweza kuokota sauti ya mtu upande mmoja na kuiweka upande mwingine. Pili, mlirekebishe shauri la nne lisomeke: "Ipime kwa santuri usiyoijua, ya watu usiowajua." Tatu, Fundi Makini amwandikie mke wangu barua ya kuthibitisha hitilafu, na nakala yake apewe shemeji.

Haya yote yafanyike kabla ya Jumamosi, na nitakueleza sababu. Jumamosi shemeji atakuja kupaka rafu vanishi mara ya pili na kuchukua pima maji yake. Mke wangu, katika dakika tano za jana, alisema hivi, nami nanukuu neno kwa neno: "Jumamosi akija, umwambie kwa mdomo wako. Usipomwambia, yeye atakunywa chai humu ndani kwenye kiti chako, na wewe utakwenda kuinywa barazani. Nawe utakaa huko miaka thelathini na moja, ndipo tutakapokuwa sawa." Nimehesabu. Nitakuwa na umri wa miaka tisini na saba.

Wasalimie wahariri wenzako, wapanga kurasa, wachapaji, mama wa mapokezi ambaye hupokea barua zangu kwa mikono miwili, na mtunga fumbo la maneno, ambaye siku hizi amejirekebisha. Msalimie na Fundi Makini. Sina kinyongo naye. Namtaka tu akiri kosa lake, jambo ambalo si gumu kwa mtu muungwana.

Nabaki kuwa wako, mtumishi wa usahihi,

Mwalimu Mstaafu,
aliyekuwa Kiongozi wa Kwaya

Baada ya sahihi: Bahasha ilikuwa bado mezani hadi leo, kwa kuwa stempu ziliniishia. Leo ni Jumamosi.

Shemeji amekuja asubuhi na kopo lake la vanishi, akasimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya dakika kumi, yenye utangulizi. Nilipofungua mdomo nikaona nimesema tu, "Shemeji, yule mtu wa ubeti wa tatu alikuwa mimi." Akasema, "Najua." Nikamuuliza amejua tangu amplifaya ifungwe? Akasema, "Amplifaya ya nini, Mwalimu? Mimi nilikuwa nakutazama mdomo. Wote tulikuwa tunakutazama mdomo, si ndivyo ulivyotufundisha?" Nikamuuliza kwa nini basi hakuijibu barua yangu. Akaweka kopo chini. "Wewe na dada yangu mlikuwa na wiki tatu tu za ndoa. Ningekuaibisha mbele ya kwaya nzima, hasira zako ungezipeleka wapi? Ungezipeleka nyumbani. Na nyumbani alikuwepo yeye. Besi nikaona naweza kuimba hata karakanani."

Mke wangu hakuwa akilijua hilo. Aliingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai inavyohitaji. Alipotoka, vikombe vitatu aliviweka sebuleni.

Kwa hiyo naomba barua hii msiichapishe. Malalamiko namba moja hadi saba nayaondoa, na ombi la kibali pia. Badala yake, tafadhali niulizie kwa Fundi Makini valvu za akiba hupatikana duka gani, maana zangu sasa zinatumika sana. Blanketi nimelirudisha kitandani. Nyaya nimezirudisha mahali pake, kushoto kushoto, kulia kulia. Shemeji ndiye aliyenishikia tochi. Ubeti wa tatu tumeurudia mara nne, kwa ombi lake. Kosa ni langu, na linasikika vizuri sana.