Bwana Stempu Anatafuta Kazi Posta ya Zamani

Jumatatu, 3 Machi
Posta yetu ya zamani imegeuzwa kituo cha utamaduni. Pale nilipouza stempu mpaka nikastaafu, leo wanapiga ngoma. Chumba cha vifurushi kinafundishiwa ufinyanzi. Na wanatafuta mtu wa kuwatembeza wageni! Nani kama mimi? Mke wangu anasema nikiikosa, Jumatatu ijayo naenda kumsaidia kaka yake bandani kwa kuku. Shemeji huniita Bwana Stempu hata mbele ya kuku. Heri nife.

Jumanne, 4 Machi
Nimemkuta Baiskeli kwa Mkurugenzi. Baiskeli ndiye aliyekuwa akisambaza barua zetu. Mbwa wote wa mtaa wanamfahamu. Anaitaka kazi ileile, na tayari alishapewa chai. Mkurugenzi, dada mpole mwenye miwani, akasema atatupima sote Ijumaa, siku ya ufunguzi. Nikamdokeza kwamba Baiskeli ni mtu wa nje, jengo halijui. Baiskeli akajibu kuwa mimi sikuwahi kutoka kauntani, hata choo sijui kilipo. Uongo mtupu. Najua kilipo cha wafanyakazi.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Wageni wanapenda vya kale. Nimetoa sare yangu kabatini. Suruali imenikataa. Mke wangu ameitanua kwa kipande cha pazia, akacheka mpaka akakaa chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwa suruali hii siinami. Nimechukua pia muhuri niliopewa nilipostaafu, nikanunua wino mpya.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemwambia Baiskeli ufunguzi umesogezwa hadi alasiri. Akanishukuru sana. Leo nitalala usingizi wa pono.

Ijumaa, 7 Machi
Baiskeli alifika kabla yangu. Anasema ananijua siku nyingi.

Hata hivyo nilianza vizuri. Nilisimama kauntani kwangu, muhuri mkononi, na wageni wakapanga foleni wenyewe. Nikawasimulia tulivyopima vifurushi. Wakacheka panapostahili. Mkurugenzi akaniitikia kwa kichwa. Kazi niliiona hii hapa, kiganjani.

Ndipo mchoraji mmoja wa kituo akaja na picha ya uso wa mgeni rasmi, zawadi aliyomchorea, akailaza kauntani mbele yangu aifute vumbi. Jamani. Maisha yangu yote, kikiwekwa kitu bapa pale, nakigonga. Mkono haukuniuliza. Paa! Katikati ya paji la uso. Mgeni rasmi akajishika paji lake. Mchoraji akaanza kulia. Nilichoweza kusema ni kwamba imepokelewa.

Jumamosi, 8 Machi
Kazi kapewa Baiskeli. Mkurugenzi alinieleza kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Kaniomba niwaachie muhuri na sare vikae kwenye kabati la kioo. Suruali nimekataa. Nimeumia, sifichi. Kaunta ile ilikuwa yangu. Mke wangu aliniwekea chai bila kucheka; afadhali angecheka.

Jumatatu, 10 Machi
Bandani. Shemeji aliniita Bwana Stempu kabla sijavaa mabuti. Nikazoa kinyesi asubuhi nzima. Halafu nikaegemea reki, nikalitazama banda vizuri. Mbao za zamani. Paa liko juu. Mwangwi safi. Hili si banda, ni ukumbi! Kuku wahamie nyuma, ngoma zikae hapa, wafinyanzi pale penye maranda. Watahitaji mtu wa kuwatembeza wageni. Nimeshawaalika majirani kwa ufunguzi Ijumaa. Shemeji nitamjulisha baadaye.