Pobgarth Wamebaki Kumi

Jumatano ile mwenzetu Gazeti alichelewa kufika benchini, na alipofika hakumsalimia mtu. Alikuwa amekumbatia gazeti la wilaya kifuani, anahema, uso umemwiva. Nikajua leo hatutaongelea mvua.

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Beryl, mkabala na kituo cha basi, hapa Nettlebeck, Yorkshire. Wenye benchi tuko wanne. Kuna huyo Gazeti, ambaye kanisani wanamwita Norman, na habari ikimpita bila kuisoma kwa sauti anaumwa. Kuna Bubu, yaani Clifford Aske, fundi saa mstaafu, maneno yake kwa wiki hayafiki ishirini. Niko mimi, Posta, niliyepeleka barua katika bonde hili miaka thelathini na moja na miguu yangu ni shahidi. Halafu kuna Nanga.

Nanga ndiye Wilf Pobgarth. Ana miaka sabini na minne, kifua cha ng'ombe, na tangu Aprili ana goti la bandia ambalo hataki litajwe. Jina la Nanga amelipata kwenye kamba. Kila Jumatatu ya mwisho ya Agosti watu wanane wa jina la Pobgarth husimama upande huu wa kijito, wanane wa majina mengine upande ule, wanavutana, na wanaoshindwa wanaoga na nguo zao. Mwanamume, mwanamke, hakuna ubaguzi. Wa mwisho kwenye kamba, anayejifunga ncha mwilini na kuchimbia visigino, ndiye nanga. Baba yake Wilf alikuwa nanga, babu yake nanga, na yeye amekuwa nanga tangu mimi nina nywele.

Sasa ule mchezo una masharti yake. Kila anayevuta upande wao awe Pobgarth kwenye karatasi za serikali, na aliyepata jina hilo karibuni lazima avute mwaka wake wa kwanza, la sivyo hajapokelewa. Wasipotimia wanane, mchezo umekufa moja kwa moja na kamba inawekwa kwenye kabati la kioo kanisani. Mwaka jana walikuwa wanane kamili. Mwezi Juni Josie, mpwa wake Wilf, akaolewa na fundi bomba wa Leeds, akachukua jina la mume. Wakabaki saba. Toka siku hiyo Nanga hali vizuri, na wiki iliyopita alimkuta mwenyekiti wa kamati ya kijiji kanisani na futi mkononi, anapima ukuta wa kuwekea kabati hilo.

"Nanga, kaa vizuri," Gazeti akasema. "Umeandikwa."

"Nimeandikwa nini?"

"Jina lako lote. Profesa mmoja anahesabu majina yanayokaribia kufa nchi hii. Lenu liko namba tatu."

Nanga akajinyoosha. Akauliza kama huyo profesa ameandika kwamba Pobgarth wa kwanza alimbebea mfalme upanga. Hadithi hiyo tumelishwa na chai kwa miaka na miaka, na kila mwaka ule upanga unarefuka. Safari ya mwisho kuusikia, ulikuwa unabebwa na watu wawili.

Gazeti akavaa miwani taratibu, mtu anayejua ameshika utamu. "Anasema hivi. Pobgarth wa kwanza kuandikwa popote ni mwaka elfu moja mia nne na kumi na mbili. Alitozwa faini kwa kuachia nguruwe wake waingie makaburini."

Beryl akaweka birika chini ili acheke kwa mikono yote miwili. Mimi chai ilinipitia puani, nakiri. Hata Bubu mabega yalimtikisika. Nanga akasema huyo profesa amechemka, kachanganya ukoo, waandishi wa zamani walikuwa walevi. Gazeti akamwambia asipaniki, nguruwe nao ni mali, na pengine mmoja wao ndiye alibeba upanga.

Alipoona tumetulia akaendelea na ramani. Ilikuwa ramani ya nchi nzima, nyeupe pee, na doa jekundu moja hapa kwetu, dogo kama dengu. Profesa anasema mwaka elfu moja mia nane themanini na moja walihesabiwa Pobgarth sitini na watatu, na wote waliishi pale mtu anapoweza kuona mnara wa kanisa letu. Miaka mia tano ukoo mzima haujavuka kilima.

"Tulipenda kwetu," Nanga akasema.

"Mlikuwa wavivu," Gazeti akamjibu. "Vita, treni, meli za kwenda Australia, vyote vimepita hapa. Nyie mnapunga mkono."

Mimi nikatoa ushahidi wangu kama mtu wa posta. Kwa miaka thelathini na moja sijawahi kupeleka kwa Pobgarth yeyote barua kutoka kwa Pobgarth mwingine, maana walikuwa wanaitana kupitia dirishani. Beryl akasema ndiyo maana wana sauti zile.

"Sasa wamebaki wangapi?" Nanga akauliza, na hapo sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Nchi nzima, kumi."

Kumi ni watu wa kujaa kwenye meza mbili za Beryl. Lakini Nanga alikuwa anahesabu kwa vidole, na mimi nilimwona anavyohesabu nikaelewa. Nyumbani wako saba. Kumi toa saba ni watatu. Kuna Pobgarth watatu huko nje, na yeye anahitaji mmoja tu, na Jumatatu ni siku tano mbele.

"Wako wapi hao watatu?" akauliza. "Soma, bwana, usinizingue."

Gazeti akasoma. Wa kwanza yuko Bournemouth, nyumba ya wazee, ana miaka tisini na sita. Nanga akauliza kama anatembea. Beryl akamwambia aone haya. Wa pili ni mwanamaji kwenye nyambizi, na nyambizi iko chini ya bahari, mahali hapatajwi. Nanga akafikiri kidogo, akauliza huwa wanapanda juu lini.

"Wa tatu," Gazeti akasema, halafu akakohoa, akalikunja gazeti. "Wa tatu hatakufaa."

"Kwani yuko wapi?"

"Skelby."

Skelby ni maili nne. Basi linakwenda kila saa. Nanga akasema Skelby hakuna Pobgarth, hakujawahi kuwa na Pobgarth, profesa ameota. Mimi nikaanza kukagua kiatu changu. Beryl akakumbuka ana vikombe vya kuosha, wakati vyote vilikuwa mikononi mwetu. Ilibidi mzee mwenyewe alifikie jibu peke yake, na alipolifikia akavua kofia.

"Glenys," akasema.

Glenys alikuwa mkewe. Walikaa miaka ishirini na mitano, na siku ya kutimiza hiyo ishirini na mitano Glenys alipika, akawasha mishumaa, akasubiri. Nanga alikuwa kijitoni anafundisha watu kukanyaga kwa ajili ya kamba. Kesho yake mama akabeba masanduku mawili akapanda basi la Skelby. Talaka ikafuata kwa barua, na huu ni mwaka wa kumi na tisa hawajasemezana, ila jina la mume aliondoka nalo, na kumbe hajalirudisha.

Gazeti akasema sheria ni sheria, karatasi zinasema yule ni Pobgarth, na mwanamke mwenyewe ana mikono, aliwahi kusukuma trekta la kaka yake kutoka matopeni. Beryl akasema apigiwe simu. Nanga akasema afadhali aende kumtafuta yule wa nyambizi. Wakamkalia kooni, huyu anasukuma, yule anavuta, na mimi nikachochea pia, sitaki kusema uongo, maana sikutaka kuiona kamba ile ndani ya kioo kama samaki wa mapambo.

Ndipo Bubu akafungua mdomo.

"Ijumaa ana shughuli," akasema.

Sote tukamgeukia. Gazeti akamuuliza shughuli gani, na yeye kaijulia wapi.

"Harusi," Bubu akasema. Akapuliza chai yake, ambayo ilikuwa imepoa zamani. "Ya kwetu. Mimi na yeye."

Jamani. Nimeona mengi kwenye benchi lile. Nimeona meno ya bandia yakianguka kwenye mchuzi. Lakini harusi ya kutoka mdomoni mwa Bubu, hapana. Kila Jumanne na Alhamisi, mwaka mzima, Bubu alikuwa anapanda basi la Skelby akisema anakwenda kurekebisha saa ya kanisa. Saa ya kanisa la Skelby, ukiiangalia, imesimama saa nne kasorobo tangu zamani. Hatukujiuliza.

Nanga alimtazama mwenzake muda mrefu. Nilidhani atampiga. Midomo ilikuwa inamcheza, na nikaja kugundua bado anahesabu.

"Ijumaa," akasema. "Akiolewa Ijumaa anakuwa Aske. Jumatatu si Pobgarth tena." Akamsogelea Bubu kwenye benchi mpaka magoti yakagusana. "Clifford, ndugu yangu. Sogezeni mbele. Oaneni Jumanne. Nitawanunulia keki mwenyewe."

"Unaona mtu anavyombembeleza mume mwenza," Gazeti akaninong'oneza, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka kituoni.

Bubu akatikisa kichwa. Akasema hakuna haja ya kusogeza. Glenys habadili jina. Alishabadili mara moja kwa ajili ya mwanamume, leseni, benki, kadi ya maktaba, mpaka jina kwenye kola ya mbwa, na ameapa hapangi foleni nyingine.

Nikaona uso wa Nanga unafunguka kama dirisha la jikoni. Wanane. Wametimia. Akaomba simu ya Beryl, maana namba ya kwake mwenyewe Glenys aliizuia toka enzi hizo. Akakosea namba mara mbili, ikabidi Beryl abonyeze mwenyewe, na akaweka spika bila kuombwa na mtu.

"Glenys, ni mimi Wilf."

"Najua. Clifford alisema ungepiga. Nilidhani jana."

Nanga akaanza kuzunguka zunguka, mara kijito, mara jina la wazee, mara kabati la kioo. Glenys akamkata.

"Nitavuta. Lakini mimi ndiye nanga."

Tulisikia redio ikiimba jikoni kwa Glenys. Miaka mingi mzee amesimama pale mwisho wa kamba, mahali pa baba yake, na hakuna aliyewahi kupaomba. Akajifuta jasho kwa kofia.

"Sawa," akasema. "Wewe nanga. Mimi nitakaa mbele yako."

"Mbele yangu atakaa Clifford."

"Clifford ni Aske."

"Muulize."

Nanga hakuuliza, akamtazama tu. Bubu akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha, na humo karatasi yenye muhuri wa wakili. Gazeti akaipokea kwa haki ya kazi yake, akasoma kwa sauti. Tangu Jumatano iliyopita mtu tuliyekuwa tunakunywa naye chai anaitwa Clifford Pobgarth. Wiki nzima ukoo umeongezeka hapo hapo benchini na mwenye ukoo anagombana na ramani.

"Glenys alisema kama nataka tufanane, nibadili mimi," Bubu akaeleza. "Nikaona sawa."

Beryl alikuwa analia kwa kucheka, aproni usoni. Gazeti alikuwa wa kwanza kuona hesabu. Saba, na Glenys, na Bubu. Tisa. Kamba inataka wanane. Na Bubu, kwa sharti lile lile ambalo Nanga mwenyewe hulisoma kila mwaka kwa sauti ya mchungaji, ni jina jipya, lazima avute.

"Kwa hiyo mmoja wenu anabaki nje," Gazeti akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile hakuonekana kufurahi.

Simu ilikuwa bado hewani. "Wilf," Glenys akasema, polepole, si kwa ubaya. "Goti linasemaje?"

Hakuna aliyecheka. Nanga aliinamia mguu wake ulionyooka pale chini kama si wake. Tangu Juni alikuwa anamtafuta mtu mmoja, na Mungu amempa wawili, na aliyezidi ni yeye. Nilimwonea huruma, na nilitaka kusema kitu, ila nilichokuwa nacho kilikuwa mzaha tu, nikakimeza.

Akasimama. Akamwambia Beryl afungue kamba ya turubai la kibanda. Beryl akafungua, turubai likamlalia Gazeti kichwani. Nanga akamtupia Bubu ncha moja, yeye akashika nyingine.

"Simama. Nionyeshe unavyokanyaga."

Bubu akasimama kama mtu anayesubiri lifti.

"Sio hivyo," Nanga akasema. "Sisi Pobgarth hatukanyagi hivyo. Kisigino kwanza. Kaa chini kama unakaa chooni, mgongo nyuma. Tena."

Wakaendelea hivyo, mzee wa goti la bandia na bwana harusi wa miaka sabini na moja, katikati ya njia, dereva wa basi amezima injini anatazama. Bubu aliteleza mara mbili. Mara ya tatu akashika, na Nanga akavutwa hatua nzima mbele. Akaachia kamba, akamsogelea, akamnyooshea kidole puani.

"Sikiliza. Ukianguka majini Jumatatu, mbele ya mke wangu..."

"Mke wangu," Bubu akasema.

Nanga akavuta pumzi. Simu bado ilikuwa hewani, na tulisikia Glenys naye amezima redio, anasubiri.

"Mbele ya mke wetu wa ukoo," akasema, "nakurudisha kwa akina Aske kwa miguu."