Kampeni ya Kumwona Mjukuu

Jumamosi, 2 Juni 1956
Mwanangu Jailos yuko Mbeya likizo kutoka Iringa, pamoja na mkewe Yudith na mtoto wa miezi mitatu. Mjukuu wangu wa kwanza! Sijamwona. Yudith anashika mila yetu ya Kinyakyusa: mkamwana hakutani na baba mkwe. Hivyo wamefikia kwa baba yake, Sedekia, anayempakata mtoto kutwa na kuja kunisimulia pua yake ilivyo.

Mke wangu Damari anasema atamleta mtoto mwenyewe, kazi ya dakika kumi. Nimekataa. Nimeandika barua tatu gazetini kupinga mila hii. Mjukuu wangu si pombe ya gongo aingizwe kwa mlango wa nyuma! Yudith aje naye waziwazi, anisalimie kama Mkristo wa karne ya ishirini.

Wanaondoka Jumatatu ya tarehe 11. Nikaenda kumvizia njia ya sokoni, nikijifanya natembea tu. Yudith akaja, akaniona, akaruka mtaroni na mtoto mgongoni. Mama mmoja muuza viazi akaniuliza kwa nini mzee mzima natisha mabinti wa watu.

Kwa mjukuu nimeona kofia nyekundu ya sufu. Kofia tu. Lakini jua lilikuwa zuri mgongoni, na viazi vya yule mama vilikuwa vya moto. Nashukuru.

Jumapili, 3 Juni
Kanisani. Nilikaa karibu na mlango wa wanawake. Yudith akatokea mlango wa mchungaji!

Sedekia akanijia na mtoto mikononi. Akasema, mkwe, tazama, ana masikio yako, yamesimama kama yanatafuta ugomvi. Nikafumba macho. Kumwona mjukuu kwa hisani ya Sedekia? Kamwe.

Lakini nilimsikia akipiga chafya. Chafya safi, yenye hoja. Nimerudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi, 9 Juni
Baridi kali. Kila mtu sokoni kajifunika blanketi. Mbinu ya kijeshi: nikajifunika gubigubi, nikaketi kati ya akina mama wauza maharage. Yudith akifika karibu, nijifunue na kutoa hotuba.

Akafika. Akainama kuchagua maharage. Nikakohoa ili kusafisha koo. Loo! Akatoweka ndani ya mahindi makavu kando ya soko, shamba zima likivuma. Lusia, muuza maharage aliyeketi kando yangu, akacheka mpaka akamwaga kibaba. Akasema, babu, kikohozi chako kinajulikana mpaka Igawa.

Nilibaki hadi saa sita. Wakanipa mahindi ya kuchoma, wakanieleza habari za mji ambazo hakuna gazeti linalothubutu kuziandika. Asubuhi njema kuliko vikao vyote nilivyowahi kuhutubia. Ila siku zimebaki mbili.

Jumapili, 10 Juni
Baada ya ibada Damari akasema, Baba Jailos, twende tukatembee. Tukapanda njia ya mlima Loleza polepole, magoti yakilalamika. Kwenye majani makavu akaniamuru: kaa, geuka, nyamaza. Sijawahi kutii amri tatu kwa mpigo.

Nikasikia hatua nyuma yangu. Jailos na mama yake wakatandaza kanga kama pazia. Mkono wa Damari ukapita pembeni, ukaniwekea mtoto mapajani.

Mzito kama boga dogo. Ananukia maziwa na moshi. Akakamata kidole changu chenye wino, akakitazama, akakitia mdomoni.

Nilikuwa na hotuba. Ilipotea. Nikasema tu, asante, mama. Upande wa pili mtu akacheka kidogo, kicheko cha binti mwenye haya. Ndiyo sauti ya kwanza ya Yudith kufika masikioni mwangu.

Tukala viazi vya kuchemsha, wao kule, mimi huku, chumvi ikipita chini ya kanga. Kwa nusu saa sikumpinga mtu yeyote. Mungu ni mwema, na ana subira kuliko mhariri.

Jumatatu, 11 Juni
Basi limeondoka. Nimesimama mbali, nyuma ya ghala, ili Yudith apande kwa amani. Nikapunga kofia. Sedekia akanambia kwamba mila imenishinda na nimeipigia magoti.

Mimi! Nimeandika barua ya nne: mila hiyo imekwisha anguka Mbeya, mwandishi ni shahidi.

Jumamosi nakwenda Iringa bila taarifa. Nyumba ya Jailos ya kazini ina mlango mmoja. Nitaweka kiti hapohapo mlangoni, na Yudith hatakuwa na pa kukimbilia.

Damari ameuliza kama nyumba hiyo ina dirisha. Maswali ya kurudisha watu nyuma!