Ombi la Cheti cha Kwamba Gereji Yangu Hailipuki

Ndugu Mkuu wa Zimamoto,

Pole na kazi ya moto. Mimi ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye gereji ya gari moja chini ya chumba chetu cha kulala. Wiki jana mkaguzi wako aliichungulia, akashika kichwa, kisha akamwambia mke wangu kwamba tunalala juu ya kiberiti. Mama watoto alifungasha siku ileile. Yuko kwa dada yake, na ameapa hakanyagi hapa bila cheti chenu. Nimemkumbuka hadi nimekonda. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alilaani soketi yangu moja inayolisha freza, chaja ya betri, pasi na mashine ya kuchomelea. Eti imezidiwa! Sisi tulizaliwa tisa, tukalelewa na mama mmoja, na hakuna aliyemwitia fundi.

2. Fyuzi ilikuwa ikikatika kila mara, nikaweka msumari. Tangu hapo haijakatika hata siku moja. Mtu ametibu ugonjwa, bado analaumiwa! Waya hupata moto kidogo, sikatai, lakini paka anapenda kulala pale.

3. Alidai mvuke wa petroli kwenye dumu langu hutambaa sakafuni ukitafuta cheche. Jamani! Nimekaa na dumu hilo miaka sita, sijauona ukitambaa.

4. Alinikataza kuchomelea humo gerejini. Nikachomelee wapi, sebuleni?

Kwa hiyo naomba nipewe cheti leo. Mkaguzi huyo ahamishiwe penye moto wa kweli, ajue tofauti. Kabla hajaondoka, aende kwa shemeji yangu, amwombe radhi mke wangu, na ambebee masanduku mpaka mlangoni, kwa miguu.

Wasalimie askari wote, dereva wa gari jekundu, na wote wanaowavumilia nyumbani.

Wako mwenye subira inayokwisha,
Mwalimu, nyumba ya kona

N.B. Cheti kisubiri kwanza. Ukweli ni kwamba tangu mke wangu aondoke, mimi mwenyewe silali mle ndani. Nalala barazani kwa jirani, viatu miguuni. Tafadhali mleteni yule yule mkaguzi, leo hii, aje azime swichi kuu, maana mimi naogopa kuingia. Na mke wangu asijue, nimeshamwambia nalala fofofo.