Askari Wanatafuta PEX5

Banduku, ndugu zangu, leo nimevuliwa heshima yote mbele ya camion nzima, lori zima la abiria. Mulio Kampala, mulio Kisangani, musome haraka. Jenereta ya hii cyber ya Beni inakohoa.

Asubuhi nimetoka Butembo kuja kutetea mémoire yangu ya kumaliza université. (Ndiyo, ile ile. Vita imeichelewesha mpaka mama yangu anaiita "mimba ya tembo".) Prof alikimbia masasi ya bunduki mwaka jana, akahamia Beni, akasema anayetaka diploma amufuate. Kichwa cha kazi: "Gène PEX5 ya levure na importation ya protéines ndani ya peroxysome." Levure ni ile chachu ya kuvimbisha mikate. Peroxysome ni kachumba kadogo ndani ya cellule (seli) yake, kanachoma mafuta. Basi. Hapo ndipo miaka yangu imekwisha.

Sasa, laboratoire yetu haina moto wa umeme, hata picha moja ya microscope sikuwa nayo. Nikawaza: nitaonyesha jury ya maprofesa levure yenyewe, hai! Nikaitia ndani ya chupa na maji ya sukari, nikakaza kifuniko. Nikakaza sana. (Miaka mitano ya biologie, banduku. Mitano!)

Juu ya camion nilikaa na Mama Kavira, anauzaga poireaux za Kirumba, vile vitunguu vya majani. Njia yote nilikuwa ninakariri kwa sauti. Yeye anasikiliza, anauliza, anasinzia, anauliza tena.

Tukafika ku barrière ya askari. Batu wote chini, mizigo yote chini. Askari moja wa miwani nyeusi akafungua mfuko wangu, akasoma mémoire, kidole juu ya kila neno.

"Im-por-ta-tion. Unaingiza nini ku inchi?"

"Protéines, afande. Mais si mimi. Ni PEX5 anaziingiza."

"Anaziingiza wapi?"

"Ndani ya cellule."

Uso wake ukabadilika. Hapa kwetu cellule ni cachot, kachumba ka wafungwa, kila mutoto anajua. Mimi peke yangu nilisahau.

"Cellule ya nani?"

"Ya Levure."

"Levure ni mufungwa?"

"Hapana, afande! Levure ni..."

"Kimya! PEX5 anaingia namna gani?"

Nikaogopa. Na mimi nikiogopa ninakuwa mwalimu. "Anapokea muzigo nje, anavuka ukuta, anauacha ndani, anatoka, anaanza tena."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi, afande. Hachoki!"

Akapiga mluzi. Wenzake watatu wakakuja na bunduki.

"Huyu PEX5 iko wapi sasa?"

(Hapa mutu mwenye akili angesema hajui.)

"Iko ndani ya chupa."

Akaitoa chupa. Akaitikisa kwenye sikio, asikie kama kuna mutu. Akaitikisa tena. Akafungua.

PAA!

Nani alilala chini wa kwanza? Mimi! Mimi niliyeitengeneza, ninayejua mule ndani kuna chachu na hewa yake tu, niliruka kichwa mbele ndani ya kitunga cha poireaux, nikalia: "Mama weee! Munizike kwetu!"

Nilipoinua kichwa, askari wanne walikuwa wamelala mu matope, povu ikitiririka juu ya miwani. Aliyebaki amesimama ni Mama Kavira peke yake.

"Inukeni, batoto," akasema. "Ni chachu ya mikate. Huyu kijana amenichosha na hiyo habari tangu Butembo. Angalieni. Mizigo yangu inafungwa kitambaa chekundu. Porteur, mubeba mizigo, akikiona, anajua ni ya depot yangu, stoo yangu. Anabeba, anaingiza, anarudi mikono mitupu kutafuta mwingine. PEX5 ndiye yule porteur. Protéine ni poireau. Hakuna mufungwa."

Askari akapangusa miwani. Akafikiri.

"Kumbe!" Akanigeukia. "Na wewe mwenye masomo, ulishindwa kusema hivyo?"

Camion nzima ikacheka. Dereva alicheka mpaka akashikilia gurudumu.

Ile povu ilikuwa imenilowesha na mimi; nikaingia Beni ninanuka kasiksi, pombe ya ndizi, toka nywele mpaka viatu. Na jury ilikuwa inaningoja wapi? Ndani ya salle, ukumbi wa kanisa la Waprotestanti, kule mtaa wa Ruwenzori! Pasta akanusa mlangoni.

"Kijana, umekunywa?"

"Hapana, pasta. Ni utafiti."

Prof akauliza swali moja tu. "Eleza kwa maneno ya kila mutu: PEX5 inafanya nini?"

Yote niliyokariri ilibaki ndani ya kitunga. Nikatafuta neno moja la Kifaransa, hata dogo. Hakuna. Kisha nikasikia kinywa changu kinasema: "Prof, kuna mama moja anauzaga poireaux..."

Nikayasema yote. Kitambaa, porteur, depot, mikono mitupu.

Prof akavua miwani. "Paluku, ni mara ya kwanza ninakuelewa. Hayo mawazo umeyatoa kitabu gani?"

Kudanganya ndani ya kanisa, na ile harufu? Nikasema ukweli. Jury ikacheka, pasta akacheka, hata fundi aliyekuwa anapiga misumari ku paa akaacha nyundo.

Nimepita, banduku. Ku fiche ya alama Prof ameandika "Bien", yaani vizuri, na chini yake, kwa wino mwekundu: "Aende kuoga." Mwenye kutaka kucheka acheke leo, kesho ataniita mwenye digrii, Monsieur le Licencié.